Kisanduku Chako Hakikukosea

Donati, ndugu yangu,

Amahoro huko uliko. Mkono wangu umepona, na sura bado iko nzuri, usifurahi. Hapa Rumonge nimekuwa mtu mkubwa. Mimi niliyefika Kigoma, Uvira hadi Dubai, sikuwahi kupewa chai ya bure. Sasa nikipita sokoni wananiita Aliyepona, wananijazia kikombe. Wewe umelala makaburini Gatete.

Mama yako alinipikia ndagala wiki nzima, akanikanda mkono kwa mawese. Kisha akatoa kisanduku chako, kile cheusi cha kufunga kifuani. "Chukua, mutoto wangu. Kilishindwa kumulinda Donati, labda wewe kitakuonea huruma." Nikasema murakoze, mama. Nikaendelea kula samaki.

Kila mtu anasema kisanduku ndicho kilichokuua. Unakumbuka muzungu aliyetufundisha kuruka na parapanti, yale mabawa ya kitambaa, alivyotugawia, kimoja kimoja? Alisema kinamwona tu mwenye kingine kilichowashwa; mukikaribiana hewani, kinalia. Sasa wale walimu wawili wa shule waliojiandikisha juzi kuruka wamevifungia vyao kabatini. "Kazi bure, Donati hakikumlilia." Na mimi, niliyeacha shule mwaka wa tano, nikatikisa kichwa kama daktari.

Donati. Hakikulia kwa sababu changu nilikizima.

Asubuhi ile mlimani ulinitania: "Mukubwa, ukipata hewa ya kupanda nakuona hapa kwenye kioo cha kisanduku, nakuja kuiba." Na kweli, kila mara ulikuja, ukanipita, nikakukuta ufukweni umeshakula ndizi zangu. Nikasema leo hapana. Tulipokwisha kuwa hewani nikabonyeza kitufe, nikapotea kwenye kioo chako. Nikapata hewa tamu juu ya michikichi, nikazunguka, napanda, naimba. Nilikuwa nakucheka, ndugu yangu. Ukatokea upande wa jua, umeinamisha kichwa, unanitafuta kwenye kioo.

Mabawa yakashikana. Mwavuli wangu wa akiba ulifunguka. Wako...

Unajua ulichosema? "Unisamehe, mukubwa!" Kama mtu aliyenikanyaga mguu. Ningependa ungenitukana. Matusi ningeyazoea, mimi mtu wa bandari.

Jana niliviweka visanduku vyote viwili mezani, nikaviwasha. Vikaonana hapo hapo. Vikalia, vikalia, mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi walimu wale wanaruka. Nimemwomba mama yako apande mlima nami. Anadhani tunakwenda kukuombea, amesema atabeba ndagala. Nitasema mbele yake na mbele yao nilichokifanya, kabla mtu hajafunga hata mkanda. Wakishavivaa visanduku vyao, wanifukuze. Mama akimwaga samaki, nitaokota, nimshushe mlima salama, kama atakubali nimshike mkono.

Kwaheri, Donati. Ninapoandika bado vinalia mezani. Ninakuahidi, sitavizima.

Bosco