Mkono Usio na Kovu

Jumatatu, 7 Machi 1966
Waraka mpya umeteremka kutoka Kwale. Chanjo ya kifua kikuu, tuliyokuwa tukiwapa watoto wa shule tu, sasa ni ya wachanga pia. Hatimaye! Gari la chanjo litafika hapa Waa mara moja kwa mwezi. Nikamfikiria mdogo wangu Kadzo. Mwanawe, Mwanaima, ana siku tatu.

Jumatano, 16 Machi
Wameletwa wachanga kumi na mmoja. Mwanaima hayumo — arubaini haijatimia, mzazi hatoki nje. Nilikwenda kumbembeleza Kadzo. Akasema, dada, hata wewe? Si watarudi mwezi ujao? Mama akanitazama. Nikarudi kazini bila mtoto. Mimi, dresa mzima wa zahanati! Kutoka kwetu hadi zahanati ni hatua mia mbili. Ningembeba mwenyewe.

Jumatano, 13 Aprili
Arubaini. Pilau, ubani, mtoto katolewa nje. Amenenepa, mashallah. Wenzake wana vidonda vya chanjo mkononi, vinatoa usaha. Wanawake wakausifu mkono wa Mwanaima, laini, hauna doa. Kadzo alifurahi mno. Gari la chanjo halikuja, mvua imekata barabara. Baba ndiye aliyemwadhinia sikioni, na kila baada ya alfajiri humpakata. Kikohozi chake kile kile. Yeye asema ni tumbaku.

Jumatatu, 9 Mei
Majibu ya makohozi ya Baba yamekuja. Kifua kikuu. Nimeisoma karatasi mara tatu. Na gari lilipokuja juzi Mwanaima alikuwa na homa — mwenye homa hachanjwi, ndivyo tulivyoagizwa. Nilimwambia Baba asimpakate tena. Akauliza, tangu lini nikakatazwa mjukuu wangu? Kisha akaelewa. Akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia.

Ijumaa, 3 Juni
Mwanaima hanyonyi tangu jana. Anatapika. Shingo imekakamaa; naogopa kifua kikuu kimepanda ubongoni. Tunangoja gari la kumpeleka Msambweni. Nimepewa fomu ya hospitali niijaze. Jina, nimeandika. Umri, miezi mitatu. Halafu: ana kovu la chanjo?

Hapo nimekwama. Najichukia. Nimeisukuma fomu kando, nimefungua daftari hili.

Kadzo amekaa mbele yangu, mtoto kifuani. Hajui kusoma. Anauliza, dada, karatasi ya mtoto umeiacha, waandika nini huko?