Shahidi wa Pili wa Bi Mafunda

Ijumaa, Jidda. Joto la unyevu, kanzu imenigandia mgongoni tangu asubuhi.

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko wafalme wanne wa nchi hii, kafili wangu aliyenidhamini kuishi huku, mke wangu na meno yangu yote ya juu. Shule nilikwenda miaka miwili tu, na haya naandika kwa kidole kimoja, lakini kwa kumbukumbu hakuna kijana wa mtaani kwetu Hindawiya anayenifikia.

Jana nilikuwa Riyadhi, mtaa wa Olaya, ofisini kwa Wakili Ruqayya. Kazaliwa huku huku, bibi yake mtu wa Unguja, na kazi yake ni kuandika wasia za watu wetu: wapishi, madereva, mayaya. Ukutani wameandika kuwa ofisi ilianza na meza moja nyuma ya duka la fundi cherehani. Hawakuandika meza ya nani.

Yangu.

Siku hizo ofisi ilikuwa hapa hapa Jidda, na mwanamke alikuwa hajapewa leseni ya uwakili. Yeye akiandika, mie nikileta watu. Tukawekeana miiko: mtu asomewe wasia wake kwa lugha yake mpaka aseme ndiyo, asiulizwe dini, asirudishwe. Mkenya Mkristo alikalia kiti kile kile alichokalia alhaji. Mashahidi nikichagua mie, wazee watupu. Kijana hana haya, nikisema, mzee anamwogopa Mungu.

Bi Mafunda, mpishi, alikuja siku ambayo Ruqayya hayupo. Alitaka chumba cha mbele cha nyumba yake ya Ng'ambo, kule Unguja, kiwe cha Zuhura, mtoto aliyemlea. Hakumzaa, kwa hiyo bila wasia hapati kitu. Rafiki yangu Salim, mzee mwenzangu, akaandika, akatia saini ya shahidi. Mie nikatia dole gumba. Ruqayya alipoisoma karatasi akaniambia niongeze shahidi kijana. "Babu, shahidi ni yule atakayebaki."

Nilimnunia wiki nzima. Kijana sikumtafuta. Salim akafa, bado sikumtafuta, na Mafunda wakati huo yu hai, namba yake ninayo.

Mwezi uliopita Mafunda naye kafa. Ndugu zake wakaikana karatasi, na kadhi wa kwetu akataka mashahidi wawili waseme kwa midomo yao. Ndiyo nikapanda basi. Ruqayya kanipokea kituoni akiendesha gari mwenyewe, kaniketisha mbele ya skrini. Upande wa pili, Unguja, yupo kadhi, yupo Zuhura, na Othman, kaka wa marehemu. Nikasema yote, mpaka rangi ya mtandio aliovaa Mafunda siku ile. Nikajiona simba.

Othman kanisikiliza mpaka mwisho. "Umesema vizuri, mzee wangu. Na wa pili? Au basi lake limechelewa?"

"Yupo Jidda," nikasema.

Si uongo. Kaburi lake lipo Jidda.

Kadhi akauliza atakuja lini. Ruqayya aliniangalia, mie nikaangalia viatu vyangu. Akasema mwenyewe, taratibu, "Salim ni marehemu, Sheikh." Ofisi ile haisemi uongo, hata wa kumfaa yatima. Mwiko huo nao tuliuweka kwenye meza yangu.

Kadhi akaiweka karatasi kando. Zuhura hushona nguo za watu mle chumbani, ndiyo riziki yake. Ndugu wamempa mpaka mwisho wa mwezi atoke na cherehani yake. Kabla skrini haijazimwa alisema, "Ahsante kwa kuja, babu."

Afadhali angenitukana.

Sasa nawaza, wangapi katika mji huu wanalala usingizi kwa karatasi zenye majina ya wazee ambao nimeshawazika? Nawajua wote, mmoja mmoja. Kesho baada ya alfajiri naanza kuwapigia, waje tena, na kila mmoja aje na kijana. Wakinicheka wanicheke.

Na anayedhani natunga, Salim na Mafunda wamo udongoni, hawasemi. Kamuulizeni Zuhura. Hana sababu ya kunipendelea, na ana miaka ishirini na tatu.