Chumvi Mbele ya Hakimu

Jumatano jioni, 1996

Na yule wakili wa mafunzo bado ananichemsha! Kazi yake ni kujifanya anamtetea mshtakiwa, ili sisi wataalamu wa alama za vidole tuzoee kutoa ushahidi kortini. Leo aliniuliza swali moja tu: "Mama, unaweza kukosea?"

Nikamjibu, "Mimi? Hata siku moja."

Darasa zima likaguna. Akasema hakuna hakimu atakayemwamini shahidi asiyekosea, na nikirudia jibu hilo kwenye mtihani wa Ijumaa, cheti nisahau. Bila cheti sitasimama kortini. Nitabaki kupaka watu wino vidoleni mpaka nistaafu.

Nilifika nyumbani, mtaa wa Fedha, nikiwa bado nafoka, nikapika sukuma wiki huku nikibishana na sufuria.

Mezani, mume wangu alimeza tonge moja, akaniuliza, "Mama Nekesa, umetia chumvi mara mbili?"

Tumefunzwa kwamba wakili akiuliza, jibu anapewa hakimu. Basi nikamgeukia mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Bungoma. "Mheshimiwa, nilitia mara moja. Nina hakika."

Mama akatafuna polepole. Akanywa maji, gilasi nzima.

"Mwanangu," akasema, "korti imeonja."

Mume wangu alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilijikaza, halafu...

"Naweza kukosea, Mheshimiwa."

Maneno yenyewe ni hayo tu, na darasani yalinishinda kabisa. Sijui kama Ijumaa yatatoka bila chumvi.