Rimu Iliyopinda Asubuhi ya Harusi

Mbinga,
Jumatatu, kabla ya Majivu.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nijibu: mguu unaendeleaje? Umeanza kuukanyagia, au bado unamtuma dada Regina kila kitu kama chifu? Mimi ni mzima, nacheka peke yangu hata sasa ninapoandika. Mama, nimeoa! Gaudensia ni mkweo rasmi.

Najua ulivyolia kwamba mwanao ataoa huku Ruvuma kama mtu aliyeokotwa, bila ndugu wa kusimama upande wake. Hata baba mkwe lilimkera. Aliniambia wazi, "Fundi, sina neno na wewe. Lakini binti hakabidhiwi kwa mtu mmoja. Anakabidhiwa kwa watu." Nikamjibu watu watakuja, na sikujua watatoka wapi.

Mzee Sefu, mnunuzi wa kahawa ambaye namtengenezea magari, aliniazima gari lake jekundu la mbio, lile la milango miwili alilolitoa Dar, limelala chini kama kenge. Jumamosi tukaondoka kwenda Tingi, kwao Gaudensia, mimi na rafiki yangu Deo, msimamizi wangu. Kumbe Deo alikuwa ameshusha tairi la akiba ili apakie ngoma kubwa ya kuchezea mganda! "Ndugu hatuna," alisema, "tusikose na kelele."

Kwenye mteremko tukaparamia jiwe. Tairi la mbele likaisha upepo, mdomo wa rimu, ile ringi inayobeba tairi, ukapinda. Mimi na suti yangu! Na padri alikuwa ameshasema baada ya misa anakwenda vigangoni. Kisha ni Kwaresima, ndoa hakuna mpaka Pasaka.

Deo kwa kukata tamaa akashusha ngoma, akaipiga. Wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi wakapanda barabarani wakidhani harusi ni pale pale. Walipoona gurudumu, walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Rimu ile ni ya aluminiamu, ukiigonga ikiwa baridi inapasuka, na nyundo ya chuma ingeimaliza. Nikaomba moto. Wakaleta makaa na magunzi makavu, na mama mmoja mtu mzima, Mama Otilia, akaniletea mchi wake wa kutwangia. Nikaupasha ule mdomo polepole, nikawa naugonga kidogo kidogo huku nikimsimulia habari zako. Wenzake waliimba kufuata mapigo. Ukanyooka, Mama! Nikatia ndani tyubu niliyoibeba na vifaa vyangu, Deo akajaza upepo kwa pampu mpaka koti likamchanika mgongoni.

Mama Otilia akauliza, "Upande wako mmekuja wangapi?"

"Wawili, mama. Na ngoma."

"Hiyo si harusi, hiyo ni doria." Akajifunga khanga upya. "Jamani, twendeni."

Tuliingia Tingi gari likienda mwendo wa miguu, wao mbele wanacheza, matope mpaka magotini. Wakajaza mabenchi yote ya upande wangu. Padri alipouliza mzazi wa bwana harusi yuko wapi, Mama Otilia alisimama na mchi wake mkononi.

"Mwenyewe anaumwa mguu," alisema. "Nimemshikia nafasi."

Baba mkwe akavuka kanisa zima kumpa mkono. "Karibu, mkwe." Nililia mbele za watu, wala sioni haya.

Msalimie sana Regina anayekusomea, na shangazi, na mjomba asiyeamini kwamba nitaoa. Pona, Mama, uje. Mama Otilia anasema hiyo nafasi atakuachia wewe tu.

Mwanao akupendaye,
Fidelis