Nilipokalia Majembe ya Msiba

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Kamwene. Natumaini kifua chako kimeachia na ukungu wa huko haukufungii ndani asubuhi kama mwaka jana. Na baba je, goti lake? Mimi mwili ni mzima. Nataja mwili kwa sababu ndio ninaoweza kuusemea bila kusita.

Jumamosi uliponipigia nilisema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua. Bibi Perusi, mwenye nyumba wangu, alikuwa amezikwa juzi yake, nami nilijua nikifungua mdomo utasikia sauti ambayo ungekwenda nayo mpaka shambani. Kwenye karatasi naweza kusimama kidogo, halafu nikaendelea.

Kila mara unaniuliza, "Unakaa na nani huko, mwanangu?" Nilikuwa nakaa naye. Walimu wenzangu wana familia zao, jioni wanafunga milango. Wanakijiji wananiheshimu, na heshima yao ndiyo inayoniacha peke yangu. Nikifika kisimani kina mama wananipisha nichote kwanza, "Karibu, Ticha," kisha wananyamaza mpaka niondoke. Bibi Perusi pekee hakuniheshimu. Siku nilipofika na begi langu, nimejaa vumbi, alinitazama akauliza kwetu wapi. Nikasema Iringa. Akapiga kelele mpaka kwa majirani, "Jamani, Mhehe amefika! Fungeni mbwa!"

Kumbe ule uvumi kwamba Wahehe tunakula mbwa umefika hata huku. Nilitaka kulia. Yeye akaniletea ugali wa mtama na mlenda, akakaa mbele yangu. "Sisi Wagogo na ninyi ni watani, hujui? Babu zenu na babu zetu walipigana, wakanyang'anyana ng'ombe, wakachoka, wakabaki kutukanana. Huko chuoni walikufundisha nini?" Nilijua, lakini nilijua kama mtu anavyojua jambo la kwenye kitabu.

Jioni, tukipepeta mtama, alinisimulia kijiji. Alisema si cha zamani, yeye alikuwa tayari na watoto kilipoanza. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa peke yake kwenye tembe, nyumba ndefu ya kimo kifupi yenye paa la udongo, ng'ombe uani, na moshi wa jirani ukiuona kwa mbali. Ikaja miaka ya kuhamishiwa vijijini. Malori yakabeba watu na vyungu vyao, mapaa yakabomolewa ili mtu asitamani kurudi, wakaambiwa wajenge kwa mistari. "Tulipandwa kama mahindi," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake. Mpaka leo watu wa kila mstari wanaitwa kwa jina la kule walikotoka.

Kule walikotoka wanakuita mahame. Hame la Bibi liko ng'ambo ya mto wa mchanga. Nyumba imebaki kichuguu cha udongo, na ua wa minyaa umekuwa msitu. Watoto wake wawili waliokufa kabla ya kuhama wamelala pale. Kila mwaka kabla ya mvua alikwenda kupalilia, na mwaka huu tulikwenda pamoja. Alipofika alisema, "Mbukwenyi," vile wanavyowasalimu watu wengi, kama anayeingia kwenye nyumba yenye wenyewe. Kisha akapiga ardhi kwa kiganja. "Mimi nitalala hapa, katikati yao. Elia anajua."

Elia ni mwanawe mkubwa, anaishi Nkuhungu, mjini Dodoma.

Jumatano alijilaza mchana, hakuamka. Kengele ya kanisa ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ilipogongwa, wanawake walitoka majumbani na kuacha uji jikoni, huyu na ndoo ya maji, yule na gogo la kuni, na hakuna aliyeambiwa alete nini. Mpaka jua linashuka, uani kwetu kulikuwa na kila kitu cha msiba.

Elia alifika jioni. Asubuhi wanaume wakakaa kikao, wakatangaza kwamba mama atazikwa makaburini, pale kando ya barabara. Kwenye mahame hakuna njia, kumejaa miiba, magari ya ndugu hayafiki, na Ijumaa yeye lazima awe kazini. Wazee walitazama chini. Mwenye msiba akishasema, nani abishe? Na mimi nani? Mpangaji, mtoto wa watu, mgeni. Nilikaa kwenye kona na wanawake, nikalia kwa ajili yake na kwa ajili ya lile hame.

Mama Yona, jirani yetu, akanifinya. "Wewe Mhehe, unalia nini?"

"Nimefiwa, mama."

"Umefiwa na nani? Tuliofiwa ni sisi! Wewe ni mtani. Mtani akilia kwetu anatutukana. Tangu jana watu wanaulizana, Ticha ana kinyongo gani na marehemu?"

Mama, nilidhani ninafanya lililo jema. Kumbe machozi yangu yote yalikuwa yakihesabiwa kuwa dharau.

"Watani wengine wako wapi?" nikamuuliza.

"Kijiji hiki kina Mhehe gani zaidi yako? Inuka ukafanye kazi yako ya mtani, utuchekeshe."

Unanijua nilivyo na haya mbele za watu. Hata matangazo ya kanisani ulikuwa unanisomea wewe. Vijana walikuwa wamelundika majembe na sepetu mlangoni, tayari kwenda kuchimba. Nikaenda nikayakalia. Nikasema kwa sauti, "Leo hakuna kuchimba!"

Mtu nyuma akapaza sauti, "Fungeni mbwa!" Kicheko kikapasuka, na kicheko hicho kikanipa mdomo.

"Wagogo nyinyi! Ng'ombe mnawapeleka mbali kwenye majani mazuri, mama yenu mnamtupa barabarani! Mnataka awaombee hela kwenye mabasi?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakashika mbavu, maana Wagogo hutaniwa kuwa ombaomba. Elia akaja na noti mkononi, kama desturi yao ilivyo. "Shika, mtani. Tupishe."

"Hiyo umeiomba kwa nani? Rudisha! Sitaki hela. Mama yenu ana nyumba ng'ambo ya mto, na watoto wawili wanamsubiri. Mkichimba kwingine, mtanizika mimi humo."

Hapo hawakucheka. Elia hakuweza kunikasirikia, kwa sababu kumkasirikia mtani msibani ni aibu kwao. Mzee mmoja akasema polepole, "Mtani amesema."

"Mhehe," Elia akasema, "wewe kazi yako ni kula mbwa, mambo ya kwetu umeyajulia wapi?" Alitaka kutania, sauti ikamkatikia. "Alikwambia mwenyewe?"

"Aliniambia tukipalilia."

Akairudisha noti mfukoni, akawageukia vijana. "Chukueni na mapanga. Njia ina miiba."

Walimbeba kwenye kitanda, wakipokezana mabegani, wakazama kwenye mchanga wa mto na kuinuka. Mimi nilitangulia mbele nikiwatukana njia nzima. Amelala katikati ya wanawe.

Tangu siku ile hakuna anayeniita Ticha. Kisimani sipishwi tena, nasukumwa kama wengine na kuulizwa kwa nini Wahehe hatuogi. Akina mama wakiniona wanaficha watoto wa mbwa kwenye khanga. Mchana nafurahi, mama, kweli nafurahi. Jioni narudi kwenye nyumba yenye vyumba viwili na kimoja kimefungwa. Ungo wake bado uko ukutani. Elia amesema niendelee kukaa, nimtunzie nyumba. Uhamisho ule ulioniambia niombe, sijauomba.

Nisalimie baba. Msalimie shangazi muuza ulanzi, mwambie kwa kiu ya huku angetajirika. Kaka yangu na mkewe wanibusie mtoto ambaye bado sijamwona. Bibi mzaa baba mwambie utani alionifundisha nikiwa mdogo bila mimi kuupenda umenifaa.

Na jambo moja, mama. Hapa mimi si mfiwa, kwa hiyo tangu Bibi afe hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Ukishasoma barua hii nipigie, usiulize kitu. Niambie pole tu, halafu uninyamazie mpaka nimalize kulia.

Mwanao akupendaye,
Vaileth