Dirisha la Doreen

Barabara ya Tanyard,
Hadderton.
Jumamosi asubuhi.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia uitumie, usiifungie kabatini ukingojea maumivu makubwa zaidi, maana nakujua. Natumaini kabichi zako zimenusurika na konokono, na kwamba Cyril wa mlango wa pili bado hajakushinda kwenye domino. Sisi huku hatujambo. Graham mkweo anakusalimu na anasema msumeno wako atakurudishia, neno analolisema tangu Krismasi.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza kuna msiba gani, kwa kuwa tunaonana kila Jumapili na kutoka kwangu hadi kwako ni safari fupi ya basi. Msiba hakuna. Ila nina jambo, na nikija kulisema mezani kwako utaniuliza kama nimekula, utanimwagia mchuzi juu ya viazi, nami nitalimeza pamoja na viazi vyenyewe. Isitoshe ni wewe uliyetufundisha kwamba neno zito huandikwa. Basi naandika, ingawa tangu nimeamka nakaa na kusimama, nimeosha vikombe vilivyokuwa safi, nimefungua mlango kuitazama mvua niliyokuwa naisikia. Graham ameniambia nitulie au nitoke nje, nichague moja.

Unaikumbuka ile mikutano yetu ya juu ya mkahawa, pale karibu na mfereji? Nilipokueleza ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema watu wa halmashauri wanalipwa kunywa chai mchana kutwa, na sasa wameamua kuinywa jioni bila malipo. Wenyewe tunaiita kambi ya chai, ingawa hema hakuna. Wanakuja wa kwetu na wa halmashauri za jirani, wa maktaba, wa barabara, wa takataka, kila mtu na wazo lake la kurahisisha kazi kwa kompyuta na simu. Vyeo vinaachwa ngazini. Mwenyekiti hakuna wala ajenda. Ukiwa na la kusema unaliandika kwenye kikaratasi, unakibandika ukutani na kukaa nacho mezani, anayetaka atakufuata. Mazungumzo yakikuchosha unabeba kikombe chako unahamia meza nyingine, na hakuna anayenuna. Sharti ni moja tu, lazima keki iwepo. Mimi naipenda mikutano ile, Baba. Kazini nashinda nikipokea simu za watu wenye hasira, lakini pale juu naonekana mtu mwenye akili.

Alhamisi iliyopita aliyebandika karatasi ya kwanza alikuwa Jasvir Kandola, yule binti wa takwimu aliyekuletea sambusa ulipolazwa, ukasema pilipili zake zimekuponya kuliko daktari. Watu tulijaa mezani kwake hadi wengine wakasimama. Akasema ana habari njema. Wazee wa Hadderton, wale waliovuka miaka sabini na tano, wamehamia mtandaoni. Wanaripoti wao wenyewe mashimo ya barabara, taa na mapipa ya taka kwa fomu ya kompyuta, na benchi lililo mbele ya dirisha la Doreen Yardley pale ukumbi wa halmashauri, anapopokea malalamiko ya watu, siku hizi linakaliwa na mwavuli uliosahaulika. Kwa hiyo Jumanne jioni madiwani wataombwa walifunge dirisha lile, na Doreen apewe mkono wa kwaheri. Jasvir hakulisema hilo kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya mkate.

Tulipiga makofi, nami nilipiga. Mmoja wa halmashauri jirani akamwambia, jamani Jasvir, tuuzie hiyo dawa, wazee wetu sisi hata rimoti ya televisheni inawatoa jasho. Jasvir akajibu kwamba dawa hakuna, ni fomu nyepesi tu, na akatumulikia ukutani mfano wa mteja wake bora, mzee wa miaka themanini na moja, jina limefichwa. Akasoma kwa sauti kwamba kifuniko cha mtaro mbele ya kanisa la Methodisti kinacheza kama jino bovu, na kwamba kikimmeza mtu tusije tukasema hatukuambiwa. Chumba kizima kikacheka. Dada mmoja wa maktaba akasema babu huyo kama hajaoa apewe namba yake ya simu.

Mimi sikucheka. Hadderton nzima kuna mtu mmoja tu anayeandika hivyo, naye hana kompyuta, na husema kipanya mahali pake ni kwenye mtego.

Nikueleze ilivyokuwa. Goti lilipokuzuia kwenda ukumbini ulianza kunipa barua zako kila Jumapili nimpelekee Doreen. Za mwanzo nilimpelekea. Kisha kazi zikanizidi, na nikitoka kwenye simu zangu nakuta dirisha limeshafungwa, nikaona si nizichape tu kwenye fomu hapa mezani kwangu. Nilikufungulia anwani ya baruapepe kwa jina lako, nenosiri nikaweka jina la mbwa wetu wa zamani. Taa ya uchochoroni ikatengenezwa upesi, ukamtambia Cyril kwamba halmashauri bado inaheshimu mwandiko mzuri. Uliona fahari, nami fahari yako ilinifurahisha nikanyamaza. Nilijiambia namtunza baba yangu, na nyote wawili mnafaidi, wewe na halmashauri.

Pale mkutanoni niliisukuma keki yangu kando. Nikachukua kikaratasi, nikaandika: nani hapa humjazia mzazi wake fomu? Nikakibandika, nikakaa kwenye meza ya pembeni nikiomba asije mtu. Walikuja. Bwana mmoja mnene wa barabara akasema humjazia mama yake, maana akimwachia mwenyewe atapiga simu kwa polisi. Yule dada wa maktaba huwajazia wakwe zake wote wawili na jirani. Mwingine akasema kwani kuna asiyefanya hivyo, watu wakacheka, halafu kicheko kikapungua taratibu kadiri walivyokuwa wakitazamana. Jasvir akaja na kikombe chake. Akakisoma kile kikaratasi, kisha akasema bibi yake humsomea shida zake kwa Kipunjabi kwenye simu, naye huzichapa. Akaniambia, “Lynette, tumejihesabu wenyewe.”

Nikawaambia babu wa ukutani ni baba yangu.

Ndivyo tulivyo, Baba. Mchana tunatengeneza fomu, jioni tunawajazia wazazi wetu, na asubuhi yake tunashangaa jinsi wazazi walivyoerevuka. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Jasvir ameapa kupeleka mbele ya madiwani takwimu nyingine, lakini anahitaji watu wa kusimama na kusema. Hapo ndipo vikombe vilipoanza kukusanywa haraka haraka. Kujaza fomu kwa jina la mtu mwingine ni kosa kazini, na kila mtu ana kodi ya nyumba. Yule bwana wa barabara alisema atafikiria, na macho yake yalikuwa kwenye ngazi. Mimi nimesema nitasimama. Huenda wakanipa onyo, huenda zaidi ya onyo, Graham anajua na ndiyo sababu ananivumilia leo. Naogopa, sikufichi. Ila siwezi kusema bila kukutaja, kwa hiyo nakuomba ruhusa. Ukikataa nipigie simu, nami nitakuelewa.

Ningetamani barua iishie hapa. Nimeshainuka mara kadhaa nikitaka kuifunga.

Jana nilikwenda kwa Doreen. Niliona si haki asikie habari hizi Jumanne pamoja na watu wengine. Nilisimama dirishani kwake nikamweleza yote, nikijiandaa kwa maneno makali, kwa kuwa ni sisi tulioliondolea watu benchi lake. Hakukasirika kuhusu fomu. Aliuliza kwanza kama u mzima. Kisha akasema, akipanga kalamu zake zilizokuwa zimeshapangika, kwamba alidhani labda alikukosea neno, kwa sababu uliacha kumsalimu.

Nikamuuliza salamu zipi.

Akasema zile za chini. Kumbe katika barua zote zile za mwanzo, baada ya mashimo na mapipa, ulikuwa unamwandikia mistari michache ya kwake yeye. Mara waridi lake amelipogoa au bado, mara ulichoota, mara namna Mama alivyokuwa akipika bata siku za sikukuu na jinsi wewe unavyomuunguza. Alisema alikuwa akizisoma wakati wa chakula chake cha mchana. Kisha zikakatika ghafla, naye si mtu wa kuuliza.

Baba, hazikukatika. Niliziona. Kila Jumapili kulikuwa na kitu pale chini, baada ya mstari ulioachwa wazi. Fomu ina kisanduku kimoja cha tatizo na kingine cha mahali, basi, na mimi nilichapa tatizo nikachapa mahali. Yaliyobaki sikuyasoma hata kwa udadisi. Na nikishamaliza niliweka karatasi kwenye pipa la karatasi za kuchakatwa upya, kama mfanyakazi mwema wa halmashauri, na Ijumaa gari likaibeba.

Doreen aliniuliza zilikuwa zinasema nini. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu lakini ile ya jana sijui niiweke wapi.

Sasa nakimbilia posta kabla haijafungwa ili barua hii ikufikie Jumatatu. Kesho sitakuja kula, Graham atakupigia simu usiningojee, utanisamehe, sitaweza kukutazama kabla hujasoma. Jumanne nitaomba ruhusa kazini, nitakufuata kwa gari la Graham saa nne asubuhi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze garini, njia inatosha. Madiwani wanakutana jioni, kwa hiyo mchana dirisha litakuwa wazi na Doreen atakuwepo, hata kama ni kwa mara ya mwisho. Chukua karatasi yako nzuri na kalamu yako. Usinipe mimi nikubebee, utaipeleka kwa mkono wako. Na safari hii mashimo na taa ziache. Andika zile za chini tu.

Nisalimie Cyril, na umwambie asikuibie domino kwa sababu akili yako haipo. Goti lichue kabla ya kulala. Nakuombea usiku mwema leo na kesho, nami niombee wa kwangu.

Ni mimi mwanao,

Lynette