Ruhusa ya Kumpakata Mtoto

Mpendwa mwanangu Larysa,

Nakusalimu kwa upendo kutoka huku shambani. Theluji inaanguka taratibu tangu asubuhi, hata uzio siuoni tena. Sisi wazima. Wewe u hali gani? Na huyo mdogo bado anakupiga mateke?

Tangu useme kwenye simu kwamba asiyechanjwa homa ya mafua hatampakata mtoto mpaka baridi iishe, baba yako amekuwa kama mtu anayeota huku anatembea. Anasimama dirishani, chai inapoa mkononi. Nilimsihi twende wote kwa muuguzi anayechanja, pale ukumbi wa kanisa. Akagoma, eti mwaka mmoja alichomwa sindano Ijumaa, Jumapili akalala na homa. Nikamweleza kwamba sindano ile haiwezi kumpa mtu mafua, pengine aliyapata kabla. Akaniambia basi nifungue hospitali.

Lakini namjua mume wangu Orest. Alichoogopa ni ile meza anayonywea kahawa na wenzake. Huko mtu akichanjwa hana raha tena. Metro, jirani yetu, humwuliza, "Vipi, mtoto mzuri, muuguzi alikupa pipi?" na meza nzima hucheka.

Sasa nikwambie jambo nililoapishwa nisimwambie mtu. Juzi baba yako alikwenda mji wa pili kununua mkanda wa trekta. Akarudi bila mkanda. Alipovua shati nikaona plasta begani, na mwishowe akasema mwenyewe. Kumbe kwenye foleni ya chanjo, katika duka la dawa, alimkuta Metro, kofia imemfunika hadi puani! Metro akadai amefuata dawa ya ng'ombe. Baba yako akadai mkanda wa trekta. Wakakunja mikono ya mashati, wakachomwa wote wawili, na leo wamerudi mezani kuwacheka waliochanjwa. Wanaume hawa, mwanangu!

Yeye hatakuomba, ndiyo maana naomba mimi. Leo nilimkuta jikoni amepakata donge langu la unga wa mkate, limefungwa taulo, la uvuguvugu, linaumuka polepole kama linapumua. Kiganja kimoja alikiweka chini yake, pale ambapo kichwa kingekuwa. Aliponiona hakuona haya. Alininong'oneza nifunge mlango, baridi inaingia.

Msalimu mumeo, na ujifunike vizuri. Mtoto akifika, mpe babu yake kwanza. Mimi nitasubiri.

Akupendaye,
Mama yako, Halyna